Kufundisha kwa Vitu: Hazina za Makumbusho ya Taifa na Mwalimu wa Shule ya Msingi

Utangulizi

Kila mwanachuo wa ualimu hufundishwa mapema kwamba somo lisilo na zana ni somo la masikio tu. Kwa sababu hiyo wanachuo wetu hujizoeza kufaragua zana kwa maboksi, vizibo, mabua, udongo wa mfinyanzi na chochote kipatikanacho katika mazingira ya shule. Jambo hili ni jema na linastahili kuendelezwa. Hata hivyo, ipo zana moja kubwa ambayo walimu wengi wa shule za msingi huiacha kando kana kwamba haiwahusu, nayo ni makumbusho.

Sababu itolewayo mara kwa mara ni umbali. Kutoka hapa Mafinga mpaka Dar es Salaam, yaliko Makumbusho ya Taifa, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 500, na wazazi wengi hawawezi kumudu gharama ya safari hiyo. Sababu hii ni ya kweli, lakini haitoshi. Katika kusimamia mazoezi ya kufundisha tumeona wanafunzi waliofikishwa mbele ya kabati la kioo wakanakili maelezo yaliyobandikwa, wakafunga madaftari, wakaenda kunakili ya kabati la pili. Watoto hao walifika, lakini hawakuona. Ni dhahiri basi kwamba gari si tatizo letu la kwanza. Tatizo letu la kwanza ni kwamba mwalimu mwenyewe hajafundishwa namna ya kukihoji kitu.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba thamani ya makumbusho imo katika namna mbalimbali za vitu vilivyomo, na kwamba kila namna ya kitu hudai swali lake. Mwalimu akiyajua maswali hayo, anaweza kufundisha kwa fuvu lenye umri wa miaka milioni moja na zaidi, na anaweza vilevile kufundisha kwa chungu cha bibi ya mwanafunzi wake.

Makumbusho ya Taifa kwa ufupi

Makumbusho ya Taifa yaliyopo Dar es Salaam yalianzishwa mwaka 1934 na kufunguliwa kwa umma mwaka 1940, wakati wa utawala wa Waingereza, yakiwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano. Baada ya uhuru yalipanuliwa, na kazi yake ikawa kulitumikia taifa jipya. Mwaka 1966 kilifunguliwa Kijiji cha Makumbusho, pia Dar es Salaam, ambako nyumba za jadi za makabila mbalimbali, kama msonge na tembe, zimejengwa kwa ukubwa wake halisi. Mwaka 1977 yalifuata Makumbusho ya Azimio la Arusha. Shirika hilohilo la Makumbusho ya Taifa linasimamia pia vituo vingine, vikiwemo Makumbusho ya Majimaji ya Songea na Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yaliyopo Butiama.

Mwanachuo na aangalie jambo moja katika orodha hii. Makumbusho si ghala la vitu vya zamani tu. Mifupa ya kale, sarafu, vinyago, michoro, nyumba na hata magari ya viongozi vyote vina nafasi humo. Wingi huu humchanganya mgeni asiye na mwongozo, akapita mbio akitazama kila kitu bila kukumbuka chochote. Mwalimu mwenye busara huchagua vitu vichache, vitatu au vinne, vya namna tofauti, akakaa navyo.

Kila hazina na swali lake

Tuanze na fuvu la Olduvai. Tarehe 17 Julai 1959, katika Bonde la Olduvai, Mary Leakey aliona kipande cha fuvu kikichomoza ardhini. Kiumbe huyo aliitwa Zinjanthropus, na siku hizi wataalamu humwita Paranthropus boisei. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 1.75. Fuvu lilirudishwa Tanzania mwaka 1965 na limo katika hifadhi ya Makumbusho ya Taifa. Swali linalofaa hapa ni hili: Tunajuaje? Magego ya kiumbe huyu ni makubwa mno, hata kwa miaka mingi alitaniwa kuwa ni mvunja kokwa. Lakini uchunguzi wa kikemia wa meno ya viumbe wa jamii hiyo waliopatikana Kenya, uliotangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba chakula chao kikubwa kilikuwa nyasi na mimea ya jamii ya ndago. Fuvu halikubadilika, ila jibu la wataalamu limebadilika. Hili ni somo kubwa kwa mtoto: elimu si jambo lililokwisha kuandikwa, bali hujengwa kwa ushahidi, na ushahidi mpya ukija tunasahihisha. Vilevile mwalimu awazoeze wanafunzi kuuliza kama kilicho mbele yao ni fuvu lenyewe au ni nakala yake.

Pili, tuchukue sarafu za Kilwa pamoja na vigae vilivyofukuliwa huko. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe, nyingi zikiwa za shaba, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, zenye maandishi ya Kiarabu yaliyotungwa kwa vina, upande mmoja ukiitikia upande wa pili. Katika magofu ya Kilwa vimepatikana pia vigae vya kauri kutoka China na vyombo vya kung'aa kutoka nchi za Uajemi. Swali la vitu kama hivi ni: Kimesafiri kutoka wapi kwenda wapi, na kwa nini? Sarafu ya Kilwa yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wa karne ya 14, ilipatikana Zimbabwe Kuu, mbali sana na pwani yetu. Mwalimu akiichora njia hiyo katika ramani ya ubaoni, wanafunzi watagundua wenyewe habari ya dhahabu ya bara iliyopitia Sofala hadi Kilwa, na ya vitambaa, shanga na vyombo vilivyorudi upande wa pili. Wataelewa kwamba biashara ya nchi za nje haikuletwa kwetu na wakoloni.

Tatu ni kazi za uchongaji. Mwana hiti wa Wazaramo ni sanamu ndogo ya mti, yenye kichwa na kiwiliwili bila mikono wala miguu, iliyohusika na mafunzo ya mwali. Kinyago cha mapiko cha Wamakonde huvaliwa kichwani na mchezaji katika sherehe za jando na unyago. Vitu hivi vikisimamishwa ndani ya kioo huonekana kama mapambo. Swali lake basi ni: Kilitumiwa na nani, lini, na kilisindikizwa na nini? Kinyago bila ngoma, bila mchezaji na bila watu wanaomkimbia kwa hofu na kicheko, ni nusu ya kitu. Mwalimu hana budi kuwarudishia wanafunzi ile nusu isiyoonekana. Wakati huohuo awe na adabu, kwa kuwa mambo mengine ya jando na unyago ni siri ya wenyewe, na si kila jambo ni la kusemwa darasani.

Hata hivyo sanaa ya Wamakonde haikusimama mahali pamoja. Wachongaji waliohamia nchini wakitokea Msumbiji walianza kuchonga mpingo kwa ajili ya soko, wakabuni mitindo mipya: mashetani yenye maumbo ya ajabu, na nguzo za watu wengi waliobebana, ambazo katika miaka ya Ujamaa ziliitwa kwa jina hilohilo. Mwanafunzi ajue kwamba jadi ni kitu kinachotembea.

Nne ni uchoraji. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa kusini mwa Tanzania mwaka 1932, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 jijini Dar es Salaam. Hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji. Alitumia mbao laini za kiwandani zilizokatwa mraba na rangi za mafuta za kung'aa, aina ile ya kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, lakini wanafunzi wake waliendeleza mtindo huo ambao sasa hujulikana duniani kwa jina lake. Swali la mchoro kama huu ni: Msanii alikuwa na nini mkononi, na alimchorea nani? Wanafunzi wataona kwamba umbo la mraba, rangi kali na wanyama wa porini havikutokea bure, bali vilitokana na vifaa vilivyopatikana na wanunuzi waliokuwapo. Kwa mwalimu anayelalamika kwamba shule haina vifaa vya sanaa, mfano huu unatosha.

Hatua nne za kukihoji kitu

Kutokana na mifano hiyo tunaweza kupanga hatua nne ambazo mwalimu atazifuata kwa kitu chochote.

Hatua ya kwanza ni kutazama. Wanafunzi wakitazame kitu kwa dakika mbili au tatu bila kusoma maelezo na bila mwalimu kusema neno. Kimya hiki ni kigumu kwa mwalimu mgeni, lakini avumilie.

Hatua ya pili ni kueleza. Kila mwanafunzi ataje kile akionacho kwa macho tu: ukubwa, umbo, rangi, mahali palipovunjika, palipochakaa, palipotiwa kiraka. Mwanafunzi akisema, "Ni cha mfalme", mwalimu amuulize, "Umeona nini kinachokuonyesha hivyo?"

Hatua ya tatu ni kudhani na kuthibitisha. Hapa wanafunzi watoe mawazo kuhusu mtengenezaji, matumizi na wakati, kisha ndipo wasome maelezo au wamsikilize mhifadhi, na kulinganisha. Mwanafunzi aliyekwisha kukisia husoma maelezo kwa hamu, kwa sababu anatafuta jibu la swali lake mwenyewe.

Hatua ya nne ni kuuliza habari za safari ya kitu: Kilifikaje hapa? Nani alikitoa, kwa hiari au kwa nguvu? Swali hili lisiachwe. Kati ya mwaka 1909 na 1913 wataalamu wa Kijerumani walichimba Tendaguru, mkoani Lindi, wakasafirisha mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, na mmoja wao amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin, akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Vitu vya mikono ya babu zetu vimo kwa maelfu katika makumbusho ya Ujerumani, na baadhi vilichukuliwa vitani. Mtoto wa Tanzania anayo haki ya kujua kwamba hazina za nchi yake hazimo zote nchini mwake, na ya kujadili lifanywe nini.

Hazina zilizo karibu nasi

Shule zilizo Mafinga na Mufindi kwa jumla zina bahati, kwani barabara kuu iendayo Iringa hupita karibu na Isimila. Mahali hapo palitambuliwa mwaka 1951, na mwaka 1957 na 1958 palifukuliwa na F. Clark Howell na wenzake. Humo katika korongo yalipatikana mashoka ya mkono ya mawe yenye umri unaokadiriwa kuzidi miaka laki mbili, pamoja na mifupa ya wanyama, akiwemo kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka. Wanafunzi wakitazama zile nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji, somo la mmomonyoko wa ardhi na somo la historia hukutana mahali pamoja.

Katika mji wa Iringa lipo Boma la zamani la Wajerumani, ambalo tangu mwaka 2016 ni makumbusho ya mkoa. Hapo jengo lenyewe ni kitu cha kwanza cha kuhojiwa.

Kutoka mjini, kwa mwendo mfupi upande wa magharibi, ipo Kalenga, makao ya Mtwa Mkwawa yaliyotekwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894. Makumbusho yake ni madogo, yenye silaha na vifaa vya wakati huo. Humo limehifadhiwa pia fuvu la Mtwa mwenyewe. Mkwawa alijiua mwezi Julai 1898 ili asikamatwe, na kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza kirudishwe, lakini ilichukua miaka 35 mingine. Gavana Edward Twining alilipata fuvu katika makumbusho ya Bremen, na tarehe 19 Juni 1954 akalikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Mbele ya kabati hili mwalimu abadili mwendo. Maswali tuliyoyapanga yanahusu vitu, na hili si kitu, bali ni mabaki ya mtu, mzee wa watu walio hai. Wanafunzi waelezwe kabla ya kuingia kwamba wanakwenda kama waendao makaburini: bila kelele, bila kunyoosheana vidole, bila mzaha. Baada ya kutoka, wakae chini ya mti na kuulizwa: Miaka 56 kabla ya kurudi, je, watu wake walingoja nini? Na wale ambao wazee wao hawajarudi hadi leo, kama wazao wa Mangi Meli wa Old Moshi, aliyenyongwa mwaka 1900, wanaotafuta mabaki yake, wanangoja nini? Tumeona watoto wa darasa la tano wakijadili maswali haya kwa busara iliyotushangaza.

Somo la mfano: chungu

Kwa shule isiyoweza kusafiri hata mpaka Isimila, tunapendekeza somo lifuatalo la dakika 40, kwa darasa la nne au la tano. Kifaa ni chungu kimoja cha kienyeji kilichotumika. Lengo ni kwamba ifikapo mwisho wa somo, kila mwanafunzi aweze kueleza mambo matatu aliyoyagundua kwa kukichunguza chungu, na ushahidi wa kila jambo.

Utangulizi (dakika 5): Chungu kiwekwe mezani katikati ya darasa. Wanafunzi watazame kimya.

Maelezo ya wanafunzi (dakika 10): Wanafunzi waje kwa vikundi, wakishike kwa mikono miwili, wakinuse, wakigonge taratibu. Wataje masizi yalipo na yasipokuwapo, alama za vidole na nakshi.

Majadiliano (dakika 15): Masizi yanaonyesha matumizi gani? Kwa nini kitako ni cha mviringo? Kwa sababu hukaa vizuri juu ya mafiga. Mdomo umepindwa ili nini? Hapo mwalimu awasimulie habari za Wakisi wa pwani ya Ziwa Nyasa, ambao wanawake wao hufinyanga vyungu vyepesi vyenye kuta nyembamba, vikasafirishwa kwa mitumbwi hadi soko la Matema. Je, wembamba wa chungu una uhusiano gani na mtumbwi? Waache wafikiri.

Kuandika (dakika 10): Kila mwanafunzi aandike maelezo ya chungu hicho kwa sentensi nne, kana kwamba yatabandikwa katika makumbusho. Kazi ya nyumbani ni kumuuliza mzee mmoja: Katika nyumba yetu, ni kitu gani cha zamani kuliko vyote, na kilitoka wapi?

Kona ya makumbusho darasani

Kazi hiyo ya nyumbani ndiyo mlango wa kona ya makumbusho ya shule. Wanafunzi wataleta, au wataelezea, kinu, kibuyu, jembe la mhunzi, kikapu cha milulu, redio ya babu, kadi ya chama cha ushirika. Ili kona hiyo isiwe jaa la takataka, mwalimu azingatie mambo yafuatayo.

Kwanza, liwepo daftari la orodha. Kila kitu kiandikiwe namba, jina lake kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, kazi yake, kijiji kilikotoka, na jina la aliyekitoa. Kitu kisicho na habari zake ni kama barua isiyo na anwani.

Pili, kitu kikubaliwe kwa idhini ya wenye nyumba tu, na kikihitajika kirudishwe. Vitu vya matambiko visiombwe.

Tatu, wanafunzi wasiokote wala kuchimba chochote katika maeneo ya kale kama Isimila. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda maeneo hayo, na jiwe lililoondolewa mahali pake hupoteza sehemu kubwa ya habari zake.

Nne, vitu vya kisasa visidharauliwe. Katika Makumbusho ya Taifa limehifadhiwa gari la Rolls-Royce lililotumiwa na magavana wa kikoloni na kisha na Mwalimu Nyerere. Gari hilo halikuwekwa kwa ukongwe wake, bali kwa sababu kiti kilekile kilikaliwa na tawala mbili.

Hitimisho

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Tumejaribu kuonyesha kwamba hazina za makumbusho, ingawa ni nyingi na za namna mbalimbali, hufunguka kwa ufunguo mmoja, yaani swali lililochaguliwa vizuri na kuulizwa kwa subira. Ndugu mwanachuo, utakapopangiwa shule, huenda ikawa mbali na Dar es Salaam kuliko Mafinga. Usingoje basi la safari. Katika nyumba zinazoizunguka shule hiyo, vyungu vinapasuka, majembe ya kale yanauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na wazee wanaojua majina ya vitu hivyo wanapungua kila mwaka. Vitu vilivyochukuliwa na wageni huenda vikarudi siku moja, kwa kuwa orodha zake zimeandikwa. Vile tunavyovitupa wenyewe havina orodha. Anza na daftari.